Majengo ya Mji Wetu: Kuyapiga Picha na Kuyachora

Maneno yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo kila mtu aweza kulifanya, naye hahitaji kusafiri wala kuwa na mali nyingi. Ni kuyatazama majengo ya mji wetu wa Bukoba na ya vijiji vinavyouzunguka, kuyapiga picha kwa uangalifu, kisha kuzitumia picha hizo katika kuchora, kuchonga, kufuma na kutia nakshi.

Huenda mtu akauliza, Majengo yana nini hata yatazamwe? Tumeyapita kila siku tangu utoto wetu, twayajua. Basi na tujaribu kujua kama ni kweli twayajua. Sisi walimu tufundishao katika vyuo vya ualimu twaona jambo moja kila mwaka. Tukiwaambia vijana wachore nyumba, wengi wao huchora nyumba ile ile: mraba mmoja, pembetatu juu yake, mlango katikati, madirisha mawili kama macho, na kinjia cha kupindapinda hata mlangoni. Kijana wa Buhembe huchora hivyo, na wa Muleba vivyo hivyo, na wa Karagwe kadhalika. Lakini nyumba hiyo haiko Buhembe, wala haiko Muleba, wala haiko mahali po pote duniani. Imo katika vitabu vya watoto tu. Kijana amelala miaka kumi na minane chini ya paa la nyumba ya kwao, wala hawezi kusema lina pande ngapi. Macho yake yamefunguka, lakini hayajatazama.

Nchi yetu hii ina namna nyingi za kujenga, nazo hazifanani na za mahali pengine. Kwanza kuna nyumba ya msonge, ambayo Wahaya huiita mushonge. Ni nyumba ya mviringo, majani yake yanashuka kutoka kileleni hata kufika chini, hivi kwamba paa na ukuta ni kitu kimoja. Mbele pana mlango wenye kinga yake ya majani, na ndani pana nguzo nyingi, na viambaza vinavyogawanya mahali pa wageni, mahali pa kulala, pa moto, na zamani hata pa ng'ombe. Sakafuni hutandikwa nyasi. Mtu akisimama mbali katika kibanja, kati ya migomba, akaiona nyumba hiyo, huona umbo moja tulivu lisilo na pembe hata moja. Wachoraji wa nchi nyingine wangesafiri mbali sana ili kuona umbo kama hilo.

Nyumba hizo sasa zimekuwa chache mno. Sababu zake zajulikana. Fedha za kahawa zilileta mabati na matofali. Mabati hayahitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache kama majani. Tena nyasi za kuezekea zilikatwa katika rweya, yaani mbuga zile wazi zilizo nje ya vibanja, na sehemu kubwa ya rweya imepandwa miti au imegeuzwa mashamba na viwanja. Na mafundi waliojua kazi hiyo wamezeeka, na vijana hawakuirithi. Hatusemi kwamba watu warudi kukaa katika nyumba za majani. Mvua ya Bukoba ni nyingi, na moto ni adui. Twasema tu kwamba kitu kinachoondoka chapaswa kutazamwa vema kabla hakijaondoka. Mjini Dar es Salaam, katika Kijiji cha Makumbusho kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, nyumba ya Kihaya ilijengwa pamoja na nyumba za makabila mengine ili watu wapate kuziona. Ni ajabu kwamba mtoto wa Dar es Salaam aweza kuijua mushonge kuliko mtoto wa Bukoba.

Pili kuna majengo ya mji wenyewe. Mji wa Bukoba ulianzwa na Wadachi mwaka 1890, alipofika Emin Pasha akafanya kituo kando ya ziwa. Mwezi wa Juni mwaka 1915, wakati wa vita vikuu vya kwanza, askari wa Waingereza walivuka ziwa wakaupiga mji, wakaiharibu boma na mnara wa simu ya upepo. Kwa hiyo mengi ya wakati wa Wadachi yalikwisha siku zile, lakini mengine yalibaki, kama vile jengo lile la biashara ambalo wenyeji wamezoea kuliita Duka Kubwa. Baadaye wakaja wafanyabiashara wa Kihindi, wakajenga nyumba zao za maduka, duka mbele na makao nyuma au juu, zenye baraza kwa ajili ya mvua na jua, na uso wa mbele uliopandishwa juu ya paa na kutiwa nakshi za saruji. Tazameni nakshi hizo! Hapa ngazi ndogo, hapa nusu duara, hapa ua. Kila mwenye nyumba alitaka uso wa nyumba yake usifanane na wa jirani.

Tatu kuna nyumba za ibada. Kashozi ni misioni ya zamani kuliko zote katika nchi hii ya Bukoba. Mapadre Weupe waliifungua mwaka 1892. Kanisa kuu la Wakatoliki mjini huonekana kutoka mbali. Mwadhama Laurean Rugambwa, aliyekuwa kardinali wa kwanza wa Kiafrika mwaka 1960, alifariki mwaka 1997, akazikwa kwanza Kashozi, maana kanisa kuu lilikuwa halijawa tayari. Mwaka 2012, kazi ya kulitengeneza ilipokwisha, mwili wake ukahamishiwa humo. Walutheri nao wana kanisa kuu lao, na Waislamu misikiti yao yenye minara. Mtu akipanda kilimani akautazama mji chini yake, na ziwa na kisiwa cha Musira mbele, huona mambo hayo yote kwa pamoja: mabati yenye kutu, mabati mapya yang'aayo, minara, migomba na maji.

Sasa sikilizeni neno lililotufanya tuchague habari hii. Jumamosi tarehe 10 Septemba mwaka 2016, alasiri, ardhi ya nchi yetu ilitetemeka. Tetemeko hilo lilikuwa na nguvu ya 5.9 kwa vipimo vya wataalamu. Watu zaidi ya kumi na tano walikufa, mamia waliumia, na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Shule za Ihungo na Nyakato, ambazo zimelea wasomi wengi wa nchi hii, ziliharibika hata zikafungwa kwa muda, na majengo mapya yakajengwa baadaye. Huzuni ya kwanza ni kwa ajili ya watu, wala hakuna jengo linalolingana na roho ya mtu. Lakini baada ya kuwazika wafu na kuwasitiri walio hai, watu walianza kukumbuka majengo. Mzee husema, Palikuwa na darasa pale, lina madirisha marefu, na juu ya mlango palikuwa na kitu, nacho sikumbuki tena kilikuwa nini. Watu mia walipita chini ya kitu kile kila siku, na sasa hakuna awezaye kukichora. Alama ya jambo hili ni kwamba jengo hufa mara mbili: mara ya kwanza linapoanguka, na mara ya pili linaposahauliwa. Kifo cha kwanza pengine hatuwezi kukizuia. Cha pili twaweza.

Wala si sisi peke yetu tuliopatwa na mambo kama hayo. Unguja, katika Mji Mkongwe, Sultani Barghash alijenga mwaka 1883 jumba kubwa liitwalo Beit el Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, lenye baraza pana zilizouzunguka mwili wake na nguzo nyembamba za chuma. Tarehe 25 Desemba mwaka 2020, lilipokuwa likitengenezwa, sehemu kubwa ya jumba hilo ilianguka, na mafundi wawili wakafa. Lakini Unguja ilikuwa na bahati moja. Watu wake walianza mapema kupiga picha. Familia ya Gomes ilifungua duka la picha huko katika karne ya kumi na tisa, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo ilikusanya picha za mji na watu wake kwa miaka mingi. Naye mchoraji John da Silva alitumia maisha yake kuchora majumba, milango na vichochoro vya Mji Mkongwe. Kwa hiyo anayetaka kujua nguzo fulani ya Nyumba ya Maajabu ilikuwaje, ana mahali pa kutazama.

Huko Paris, mji mkuu wa Ufaransa, aliishi mtu mmoja jina lake Eugène Atget, aliyezaliwa mwaka 1857 akafa mwaka 1927. Kwanza alikuwa mwigizaji, wala hakufanikiwa sana. Kisha akanunua kamera kubwa ya mbao, ile ya kutumia vioo vizito, akaanza kuzunguka mjini alfajiri kabla barabara hazijajaa watu. Alipiga picha za milango, ngazi, madirisha ya maduka, nyua za nyuma na nyumba za kale zilizokuwa zikibomolewa. Mlangoni pake alitundika kibao kusema kwamba yeye huuza picha za kuwasaidia wachoraji katika kazi yao. Hakujiita msanii, aliona kazi yake kuwa kama ya mtu achotaye maji awapelekee wapishi. Wachoraji walinunua picha hizo wapate kuona vema jinsi mlango ulivyo au kivuli kinavyoanguka ukutani. Mwaka 1920 aliiuzia serikali ya Ufaransa vioo zaidi ya 2,500. Leo watu wa ulimwengu wote humhesabu kuwa mmoja wa wapiga picha wakuu. Na katika mji huo huo mchoraji Maurice Utrillo alichora vichochoro vya mtaa wake wa Montmartre, na mara nyingi alitumia kadi za posta zenye picha za mtaa huo.

Habari ya tatu ni ya Warszawa, mji mkuu wa nchi ya Poland. Mji huo ulibomolewa karibu wote katika vita vikuu vya pili, hasa mwaka 1944. Watu walipotaka kuujenga tena mji wao wa kale, walitumia vipimo vilivyoandikwa na walimu na wanafunzi wa ujenzi, tena walitumia picha za rangi zilizochorwa katika karne ya kumi na nane na Bernardo Bellotto, aliyezichora nyumba za mji huo kwa uangalifu mkubwa. Mchoraji aliyekufa zamani aliwasaidia waashi ambao hakuwajua. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kuchora nyumba ni mchezo wa watoto.

Basi, baada ya kuona faida yake, tuseme namna ya kuifanya kazi yenyewe. Siku hizi watu wengi wana simu za mkononi zenye jicho la kupigia picha. Simu hiyo yatosha. Kwanza lifute jicho lake kwa kitambaa laini, maana vumbi na mafuta ya vidole huifanya picha kuwa kama imepigwa katika ukungu.

Jambo la kwanza ni mwanga. Bukoba iko ufuoni mwa magharibi wa ziwa, kwa hiyo jua huchomoza juu ya maji na kuziangaza nyumba zinazoelekea ziwani. Nyumba hizo zapigwa vema kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Zile zinazoelekea vilimani zingojee saa kumi hata saa kumi na mbili jioni. Saa sita ya mchana haifai sana, maana sisi tu karibu na ikweta, na jua husimama karibu utosini. Vivuli huwa vifupi, na nakshi za ukutani hazionekani. Jua la ubavuni ndilo linaloonyesha kila tofali na kila unyasi wa msonge. Tena, baada ya mvua kunyesha hewa huwa safi, na rangi za kuta huiva. Msiogope siku ya mawingu. Mwanga wake mpole wafaa kwa milango na kwa mambo yaliyo barazani kivulini.

Jambo la pili ni mahali pa kusimama. Wengi husimama karibu mno na jengo refu, kisha huinamisha simu nyuma ili kilele kiingie. Matokeo yake ni kwamba kuta zote huonekana zikielekeana juu, kana kwamba jengo laanguka chali. Rudi nyuma, vuka barabara, panda mahali palipoinuka kidogo, uishike simu wima. Mistari ya kuta itasimama sawasawa.

Jambo la tatu ni kupiga picha zaidi ya moja, kwa mpango. Kwanza piga jengo lote pamoja na vitu vilivyo kando yake, ili ijulikane limesimama mahali gani. Pili piga uso wake ukiwa umesimama mbele kabisa. Tatu piga pembe moja, ili pande mbili zionekane. Kisha karibia, upige mlango, dirisha, kichwa cha nguzo, nakshi, bawaba, kufuli, mahali mabati yanapokutana na ukuta. Katika picha moja wapo mweke mtu asimame, au fimbo ya mita moja, ili ukubwa wa jengo ujulikane. Bila hiyo, baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua kama mlango ule ulikuwa wa mtu au wa gari.

Jambo la nne ni kuandika. Picha isiyo na maneno ni yatima. Andika siku, mwezi na mwaka. Andika mahali, jengo laelekea upande gani, nani alilijenga kama yajulikana, na wazee wanasema nini juu yake. Waulizeni wazee wangali hai. Tena wekeni nakala mahali pawili au patatu, maana simu huibiwa na huanguka majini, na karatasi katika hewa yetu yenye unyevu huota kuvu upesi.

Jambo la tano ni adabu. Nyumba ni ya mtu. Usipige picha ya nyumba ya mtu kana kwamba unamvizia. Piga hodi kwanza, mwamkie mwenyeji, mweleze unachotaka, nawe ukikataliwa shukuru uende zako. Katika nyumba za ibada omba ruhusa kwa mkubwa wa mahali, wala usiingie wakati wa sala. Mahali pa jeshi na pa ulinzi pana makatazo ya sheria, msipaguse. Na picha iliyopigwa na mwingine ni jasho la mwingine. Ukitaka kuitumia mwombe, na umtaje.

Sasa twafika kwenye kazi ya mchoraji. Mtu asidhani kwamba, akiisha kupata picha, kazi yake ni kuinakili tu, mstari kwa mstari. Kamera hupokea kila kitu sawasawa: jumba la kale, nyaya za umeme, pikipiki, takataka. Mchoraji huchagua. Huuliza, Ni kitu gani katika jengo hili kilichonivuta? Pengine ni safu ya nguzo za baraza, na giza lililo kati yao. Basi huchora nguzo na giza, na mengine huyaacha. Pengine ni umbo la msonge kati ya migomba. Basi hulichora umbo hilo kubwa, na migomba huifanya kama pazia. Picha ya kamera ni kumbukumbu ya macho. Mchoro ni neno la moyo juu ya yale yaliyoonwa.

Kwa wanaoanza, twawashauri hivi. Chora miraba midogo juu ya picha, kwa penseli na rula, kisha chora miraba mikubwa zaidi iliyo sawa kwa hesabu katika karatasi yako, uhamishe mstari mmoja mmoja. Kwa njia hiyo utajifunza vipimo. Ukiisha kufanya hivyo mara tatu au nne, acha miraba, uweke picha mbele yako, uchore kwa macho. Mara ya mwisho ifiche picha kabisa, uchore uyakumbukayo. Hapo ndipo utakapojua ulichokiona kwa kweli. Mnapochora barabara ya maduka, angalieni pia jinsi mistari ya mabaraza na ya mapaa inavyokimbilia nukta moja mbali, palipo sawa na macho ya mtazamaji. Akijua hilo, mwanafunzi ana ufunguo wa kuchora mji wo wote.

Wala si karatasi na penseli tu. Nakshi ya saruji iliyo juu ya duka la zamani yaweza kuchongwa katika kipande cha kiazi, ikachovywa katika rangi na kupigwa juu ya kitambaa. Mama wafumao mikeka na vikapu waweza kutoa ngazi ile ya ukuta au duara la msonge katika mfumo wa ukili wao. Udongo mwekundu, udongo mweupe na masizi ni rangi tunazozikanyaga kila siku. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufa mwaka 1972, alitumia mbao nyepesi za viwandani na rangi za kupakia baiskeli, na katika miaka yake michache ya kuchora mjini Dar es Salaam alianzisha namna ya uchoraji ambayo wengi waliifuata wakapata riziki. Na mchoraji Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923 na kusoma Makerere, hakwenda kutafuta mambo ya kuchora katika nchi za watu; alichora migomba, mashamba na kazi za watu wa kwao mlimani, na picha zake zikaonwa Ulaya na Marekani.

Twajua kuna wazazi watakaosema, Mwanangu nimempeleka shuleni apate kazi, si kuchora nyumba za Wahindi na misonge ya babu zake. Wazazi wetu, twawasikia. Ada ni ghali, na kahawa haina bei ya kutumainika. Lakini fikirini. Mtoto ajuaye kupima kwa macho, kuona kasoro, kuandika siku na jina la kila kitu, na kuuliza wazee kwa adabu, atafaa kuwa fundi, mwashi, mpima ardhi, mwalimu au muuguzi. Tena, katika tetemeko lile la mwaka 2016 tulijifunza kwamba si kila nyumba ilianguka. Nyingine zilisimama, nyingine zilipasuka katika pembe za madirisha, nyingine ukuta wake wa mbele uliegama. Mtu aliyezoea kutazama majengo huona nyufa mapema, huona nguzo inayolika chini na boriti iliyooza, naye huweza kumwambia mwenye nyumba kabla ya siku ya msiba. Macho yaliyofundishwa ni mali ya nyumba nzima.

Wengine watasema, Majengo mengine yalijengwa na wageni walioitawala nchi yetu; kwa nini tuyatunze katika picha? Jibu letu ni hili. Mawe yalichukuliwa na mikono ya watu wa hapa. Mchanga ulibebwa vichwani na mama zetu na bibi zetu. Jina la mwenye jengo likawa la mgeni, lakini jasho likawa la mwenyeji. Anayelichora jengo hilo hamsifu mtawala. Anaandika habari za waliolijenga, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Na ukiweka mchoro wa boma kando ya mchoro wa msonge, mtoto ataziona habari mbili za nchi moja, naye atauliza maswali mema.

Basi twaomba kila shule inayotusikia ifanye jambo moja katika muhula huu. Kila darasa lichague jengo moja tu lililo karibu: la Buhembe, au Kashai, au Kamachumu, au Muleba mjini. Liwe la zamani au jipya, la mawe, matofali au majani. Walipige picha kwa taratibu tulizozieleza, waandike habari zake kwa mdomo wa wazee, kisha kila mwanafunzi alichore kwa namna yake. Michoro itundikwe ukutani, nao wazazi waitwe siku moja waje kuona. Mtaona ajabu. Mzee atasimama mbele ya mchoro wa mlango, aanze kusimulia mambo ambayo hakuyasema kwa miaka hamsini, maana hakuna aliyemwonyesha mlango ule. Picha na nakala za maandishi ziwekwe kabatini mwa shule, zifunikwe vema, na kila mwaka ziongezwe. Baada ya miaka kumi shule hiyo itakuwa na hazina ambayo hata serikali itakuja kuiomba.

Wahenga walisema, Usiache mbachao kwa msala upitao. Miji mikubwa ya ulimwengu ina majumba marefu yanayong'aa, na vijana wetu huyaona kila siku katika simu zao, nao hutamani kuyachora. Wayachore, si vibaya. Lakini kwanza wachore mbachao, mkeka huu mkuukuu ambao juu yake tumezaliwa, maana hakuna mtu wa mbali atakayekuja kuuchora kwa ajili yetu kama tunavyoweza kuuchora sisi wenyewe.

Kesho asubuhi, mkipita njia yenu ya kila siku, inueni macho juu ya mlango wa kwanza mtakaoukuta. Someni kilichoko juu yake. Mshukuruni aliyekifanya, ijapokuwa hamlijui jina lake.